Vipimo vya Kurudi

Dukani, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima. Baba hajambo, anakohoa kidogo asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza umekuwa daktari tangu lini. Shangazi hajambo, na mdomo wake nao haujambo. Wiki hii amekuja mara tatu kuuliza kama umeandika, na mara zote tatu amekalia kiti cha wateja mpaka wateja wakasimama. Mkanda wa cherehani kubwa ulikatika, nimeubadilisha. Mlango wa nyuma bado haufunguki mpaka uupige goti. Na mimi Pini wako sijambo. Mtu anameza pini moja tu akiwa na miaka sita, inatoka siku ya tatu salama salimini, na akifika miaka thelathini na nne mtaa mzima hauna jina jingine la kumwita.

Sasa nakuja kwenye lililonikalisha. Desemba tulikusubiri. Baba alitandika kitanda chako mwenyewe, akakaa nje mpaka jua likamfuata miguuni. Ukaandika kwamba kazi imebana. Kabla ya hapo ilikuwa Agosti, na kazi ilibana vile vile. Wewe ni mkubwa wangu, kwa hiyo nakukumbusha kwa adabu: tulikubaliana zamu. Wewe uende miaka mitano, usome, ufanye kazi yako ya makamusi, kisha urudi ukae na Baba, nami niende. Tulikubaliana nyuma ya duka, tumekaa juu ya marobota ya vitambaa, ukanipa mkono. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Ile karakana ya mavazi ya jukwaani niliyokuambia imenijibu. Wanataka mkataji. Hawataki fundi wa kupunguza suruali, dada, wanataka mtu wa kukata majoho, makoti ya wafalme, mabawa! Kazi inaanza tarehe mosi Septemba, na baada ya hapo watampa mwingine. Siwezi kumwacha Baba peke yake. Nahitaji tarehe yako ya kurudi, si zaidi ya hiyo.

Kwenye kifurushi kuna blauzi ya kijani, ya mwaka huu, kama kawaida yetu. Na Baba anataka kukushonea koti la kurudia nyumbani. Anasema mtoto wa fundi haingii kwao amevaa koti la kununua. Anauliza kama vipimo ni vile vile. Unamjua: kila kipimo mara mbili, kulia peke yake na kushoto peke yake, maana hajawahi kuona mwili ambao pande zake zinalingana. Barua zako namsomea mimi kwa sauti, miwani yake imekatika mguu. Kama una la kwangu peke yangu, liandike kwenye karatasi ya pili.

Mdogo wako,
Pini


Chumbani, 2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na nimefurahi kusikia wote wazima. Mpe Baba pole ya kikohozi. Mwambie Shangazi nimeandika, ili mpate kiti chenu.

Mimi sijambo. Nimehama tena. Hiki ni chumba cha nne katika miaka mitatu, usinicheke. Kile cha mwanzo kilikuwa na unyevu, cha pili kilikuwa na mwenye nyumba anayehesabu nyayo zangu kwenye ngazi, cha tatu hakikuwa na kosa lolote nami nikakihama. Hiki kina dirisha linalotazama ukuta, na juu ya ukuta kuna bomba linalodondosha tone moja kila nikihesabu kumi na nne. Sijafungua masanduku yote.

Kazini tumefika herufi N. Unajua ofisi yetu: ghorofa ya nne, meza tano, makabati ya kadi, na mhariri mkuu anayetafuna vifutio kisha anauliza vifutio vimekwenda wapi. Katika kamusi hii ya tiba nimepewa neno nostaljia, ugonjwa wa kutamani kwenu. Ndiyo, lilianza kama jina la ugonjwa. Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita mwanafunzi mmoja wa udaktari aliandika juu ya askari na watumishi waliokuwa mbali na makwao. Walikonda, wakakosa usingizi, moyo ukawaenda mbio bila sababu. Madaktari wa wakati ule walipenda majina ya Kigiriki, kwa hiyo akachukua maneno mawili akayaunga: nostos, kurudi nyumbani, na algos, maumivu. Watu wanadhani neno lote ni la kale. Vipande ndivyo vya kale, mshono ni wake yeye.

Mhariri anataka mistari miwili. Nimeandika karatasi kumi na moja na kuzichana zote, maana nimekwama kwenye hilo nostos. Kuna hata neno lililozaliwa humo ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa nafaka iliyokomaa na kuzaa vizuri, na Wagiriki wa leo wakila chakula kitamu ndilo wanalolisema. Hebu fikiria, kutoka kurudi nyumbani mpaka utamu wa chakula. Mwambie Baba, atapenda.

Blauzi imenikaa sawasawa, asanteni sana. Vipimo ni vile vile, hakuna kilichobadilika. Tarehe nitaandika. Kazi imebana kidogo mpaka N iishe.

Dada yako,
Kamusi (kama ulivyonibatiza)


Dukani, 25 Machi

Dada,

Salamu. Wote wazima, kikohozi kimepungua. Shangazi ameambiwa umeandika, na sasa anakuja kuuliza umeandika nini.

Nilimsomea Baba barua yako. Palipo na nostos alinisimamisha akanifanya nirudie mara tatu. Akakaa na chaki mkononi. Halafu akasema, "Muulize dada yako, hao watu wa kale walikuwa wanarudi kutoka wapi?" Nami nauliza: unanipa Kigiriki, nilikuomba tarehe. Tarehe haina asili wala mizizi, ni namba na mwezi. Wateja wangu wanaotaka kuahirisha kuja kujaribu nguo huwa wanasema "nitakuja tu." Wewe umewashinda, umeniletea askari wa miaka mia tatu.

Samahani kwa hilo. Siku hizi sikai mahali pamoja. Nakata kola, naiacha, natoka mpaka kwenye kona, narudi, nasahau nilikuwa nakata nini. Juzi nilimshonea mtu suruali yenye mifuko mitatu upande mmoja.

*(Karatasi ya pili. Hii sikumsomea.)*

Dada, ile blauzi ina kosa. Nililiona baada ya kifurushi kuondoka, nilipokunja karatasi za kukatia. Mkono wa kushoto nimeukata mfupi inchi mbili nzima, sijui nilikuwa nawaza nini. Nikakaa nasubiri barua yako ya kunicheka. Nilijua utanitukana vizuri, na kusema kweli nilikuwa naitamani hiyo barua. Badala yake umeandika "imenikaa sawasawa."

Hakuna binadamu ambaye blauzi ile ingemkaa sawasawa. Hujaivaa. Na kama hiyo hujaivaa, je, zile nyingine? Kuna nini?

Pini


Chumbani, 30 Aprili

Pini,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilikwenda kwenye chumba cha tatu. Mwenye nyumba aliiweka chini ya mkeka wiki tatu. Natumaini Baba anaendelea vizuri, na wewe pia. Huku baridi imepungua.

Hii ni ya Baba. Walikuwa wanarudi kutoka vitani, Baba, na njia ilikuwa ya bahari. Wengi hawakufika. Waliobaki ndio waliosimuliwa, na safari yao ndiyo iliyoitwa nostos. Mtu aliyetoka sokoni na kapu lake hakuwa na nostos, alikuwa amefika nyumbani tu. Ilikuwa lazima kwanza kuwe na kitu kilichotaka kukumeza njiani.

*(Karatasi ya pili.)*

Sawa, sijaivaa. Iko kwenye droo na zile nyingine tatu, zimekunjwa kama zilivyokuja. Sitaki kuulizwa kwa nini. Nikiwa tayari nitasema, na kama sitakuwa tayari utanivumilia, mimi ni dada yako.

Lakini kwa kuwa tumeanza kukaguana nguo, na mimi nina swali. Nimezitoa zote nne nikazitandika kitandani. Matundu ya vifungo ya Baba uzi wake unalalia kushoto, umelalia kushoto tangu sijazaliwa, ni kwa jinsi anavyoshika sindano. Blauzi ya kwanza ni hivyo. Tatu zilizofuata uzi unalalia kulia. Huo ni mkono wako. Kwa hiyo ni miaka mitatu Baba hajanishonea kitu, nawe ni miaka mitatu unaandika "Baba amekushonea." Na hiyo miwani iliyokatika mguu, duka zima la mafundi mmeshindwa kuifunga hata kwa uzi?

Macho ya Baba yana nini?

Kamusi


Dukani, 21 Mei

Dada yangu,

Hatujambo. Naandikia nyuma ya duka, Baba yuko mbele anapiga soga na mteja.

Umenikamata. Miwani ni nzima. Ni presha ya macho, yote mawili, na daktari alisema kilichokwisha kwenda hakirudi, anachoweza ni kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni mwanga na vivuli. Mtu akisimama mlangoni Baba anajua kuna mtu, hajui ni nani mpaka aseme. Bado anapima, na anapima kuliko mimi, kwa vidole. Amezitia alama inchi zote za ile futi ya kitambaa kwa mafundo ya uzi. Lakini sindano alishaiweka chini. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Asije kwa ajili ya macho yangu. Aje kwa kuwa anataka kuja." Nikanyamaza miaka mitatu, nikashona, nikaandika jina lake. Siombi msamaha kwa hilo.

Sasa sikiliza na mimi. Nimeshawaambia wale wa karakana kwamba nakuja. Niliwajibu Aprili, kabla hata hujanijibu wewe. Nina hasira nawe, dada, na ni afadhali niiseme kuliko kuitia kwenye mifuko ya suruali za watu. Kila asubuhi nafungua mlango huu kwa goti. Kila asubuhi nasema hii ndiyo ya mwisho mwisho. Vijana niliowafundisha mimi kushika mkasi wana maduka yao katika miji ambayo sijaiona. Wewe una vyumba vinne na huvitaki, mimi chumba kimoja tangu kuzaliwa. Kama hutaki kurudi, sema hutaki! Nitamwomba Shangazi akae na Baba, na watauana, lakini nitaondoka.

Kitu kimoja nilikuwa sitaki kukuambia, ila kimenikaa kooni. Unalikumbuka daftari la vipimo. Kila mteja anaandikwa kwa penseli, kwa sababu watu wananenepa, wanakonda, wanazaa, wanazeeka, na Baba anafuta anaandika upya. Siku ulipoondoka alikupima asubuhi, wewe unacheka, unamwambia utachelewa. Ulipotoka kumuaga Shangazi nilimwona anachukua kalamu ya wino. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni wino." Akasema, "Najua." Ukurasa huo ndio nimekuwa nakatia nguo zako. Ni mwili wa msichana wa miaka ishirini na sita.

Pini


Chumbani, 17 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote.

Barua hii haina karatasi ya pili. Mwambie Baba akae. Kisha msomee yote kwa sauti, taratibu, usiruke namba hata moja. Nimejipima mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, nikarudia mara mbili siku mbili tofauti kama alivyotufundisha, kulia peke yake na kushoto peke yake.

Shingo, kumi na tatu na nusu. Bega kulia, tano. Bega kushoto, nne na robo tatu. Urefu wa mkono kulia, ishirini na tatu, na kushoto hivyo hivyo. Unene wa mkono juu ya kiwiko kulia, kumi na moja. Kushoto, kumi na mbili na nusu. Kutoka katikati ya kifua mpaka ubavuni, kulia, tisa. Kushoto, saba kasoro robo. Kutoka begani mpaka ncha ya ziwa, kulia, kumi na nusu. Kushoto, hakuna.

Kiuno, ishirini na saba.

Baba, hivyo ndivyo vipimo. Ni miaka mitatu na miezi minne. Sikuwaambia kwa sababu mwanzo nilidhani nitakufa, na sikutaka msikie mara mbili. Baadaye nilipoona sifi, nikashindwa pa kuanzia. Kila mwaka blauzi ilikuja, naishika, naona ilivyokatwa kwa ajili ya mtu mwingine, mtu mnayemsubiri ninyi. Nikawa nahama vyumba. Nikidhani labda kwenye kioo kingine nitaonekana vingine. Desemba nilikata tiketi. Nilifika mpaka kituoni na sanduku, nikakaa kwenye benchi, nikaona gari linapakia watu, likaondoka. Niliogopa futi yako, Baba. Niliogopa utanipima na kunyamaza.

Pini, ulitaka tarehe nami nakupa mzizi wa neno, nivumilie kwa mara ya mwisho. Wengi wa wanaochimba maneno wanasema chini ya nostos kuna mzizi mkongwe zaidi, na huo mzizi haukuwa na nyumba ndani yake. Ulikuwa na maana ya kutoka ukiwa hai, kuokoka. Wajerumani wana neno la ukoo huo mpaka leo, na kwao maana yake ni kupona ugonjwa. Nilisoma hilo kwenye kadi ofisini, saa nne asubuhi, mhariri anatafuna kifutio chake. Nikaenda chooni nikalia mpaka wakanigongea.

Mimi nilisharudi mara moja, Pini. Nilirudi kutoka kule kwenyewe, peke yangu, kwenye wodi yenye mapazia ya njano, na hapakuwa na mtu wa kwetu wa kunipokea. Hilo ni kosa langu, sikumwambia mtu. Hii iliyobaki ya gari na masanduku ingekuwa rahisi. Nashangaa kwa nini bado nashindwa.

Kamusi


Dukani, 9 Julai

Dada yangu, dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Hatujambo.

Nilisoma kama ulivyoamuru. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, futi shingoni. Mpaka kwenye mabega alikuwa anatikisa kichwa tu, kama anavyofanya kwa mteja yeyote. Niliposema unene wa mkono wa kushoto, kumi na mbili na nusu, kichwa kikasimama. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Nikasoma ya kifua. Akasema, "Endelea," kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, dada, naapa, nilikuwa nawaza kwamba umekosea kujipima na nitakucheka. Nikasoma "kushoto, hakuna," nikageuza karatasi kuona kama kuna namba imebaki nyuma.

Baba alikuwa ameshaelewa kabla sijafika hapo. Alinyanyua mikono miwili hewani, mbele yake, kama amemshika mtu kwenye mabega. Akapima. Mkono wa kushoto ukashuka kidogo. Ukakaa hapo muda. Kisha akasema, "Mkono umevimba kwa kuwa wamechukua mpaka nyama ya kwapani. Atachoka kubeba vitu upande huo. Tundu la mkono litanuke, bitana iwe laini, na tusiweke mshono wowote pale."

 Alinyoosha mkono nikampa daftari, akaniambia nimfungulie ukurasa wako na nimwekee kidole kwenye mstari wa kwanza. Akachukua penseli, akaubonyeza mstari ule wa wino akaukata. Na wa pili, na wa tatu, mpaka chini. Penseli ilivunjika mara mbili. Kisha ndipo alipolia, dada, na mimi pia, na Shangazi akaingia hapo hapo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza kitu. Alifunga mlango wa mbele akatupikia chai.

Mimi nilikuwa naandika kuhusu mlango na goti, na wewe ulikuwa kwenye mapazia ya njano. Nilikuandikia "kama hutaki kurudi, sema hutaki." Naona aibu. Nimewaandikia wale wa karakana kwamba siji tena. Barua ipo hapa mezani, kesho naipeleka posta. Usije kwa ajili ya zamu yangu. Njoo ukitaka, usije ukitaka. Koti limeshakatwa.

Pini


Chumbani, 28 Julai

Pini,

Kama hujaipeleka, ichane. Kama umeipeleka, waandikie tena leo hii uwaambie ulikuwa na homa. Umekaa miaka kumi na moja, sita kati ya hiyo ni yangu niliyokula. Sikukuambia ili unionee huruma na kunifungulia mlango kwa goti mpaka uzeeke. Zamu ni zamu.

Tarehe: 20 Agosti, gari la asubuhi. Tiketi iko ndani ya kamusi, kwenye N. Daktari wangu amenipa barua ya hospitali ya huko, nitaangaliwa kila baada ya miezi mitatu, na wewe hutanisindikiza, utakuwa unashona mabawa. Mhariri amekubali nimalizie kadi zangu nikiwa nyumbani. Nimempa mistari yake miwili.

Naogopa. Nimefunga masanduku na kuyafungua mara nne. Bomba bado linadondosha kila kumi na nne. Lakini nitapanda gari safari hii.

Kamusi


Dukani, 20 Septemba

Mdogo wangu Pini, mkataji wa mabawa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mara ya kwanza naandika "kwetu" nikiwa humu ndani. Sisi wazima. Baba hajambo. Shangazi amehamia kiti cha wateja moja kwa moja, anataka nimsomee barua yako kila siku kama redio. Umefika, umepata chumba, wamekupa meza karibu na dirisha, tumefurahi mno. Usihame ovyo, fungua masanduku yako. Mimi langu moja bado halijafunguliwa, liko nyuma ya mlango. Baadhi ya siku nalitazama, naliacha. Natembea sana, mpaka kwenye kona na kurudi, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Nilidhani nikifika nitatulia siku hiyo hiyo. Sijatulia, ila sasa nikitoka Baba anauliza naenda wapi.

Koti uliliona mwenyewe lilivyonikaa, na kola ya kushoto uliyoiweka pana kidogo ili ifunike. Usijifanye hukufanya makusudi. Lakini kuna mambo mawili hukuyaona, na ndiyo yaliyonikalisha hapa.

La kwanza ni siku niliyofika. Wewe ulikuwa unashusha masanduku. Baba alinisimamisha katikati ya duka akachukua futi yake ya mafundo. Nilifumba macho. Alianza upande wa kulia, kisha akaja upande wa kushoto, juu ya blauzi. Ukiacha madaktari, hapakuwa na mtu aliyewahi kugusa upande ule. Akaniuliza, "Inauma?" Nikasema hapana. "Nikaze?" Nikasema kaza. Akakaza kama anavyokaza kwa kila mteja, akasoma fundo kwa kidole gumba, akasema, "Saba kasoro robo. Ulijipima vizuri." Alikuwa ameridhika kabisa, kama alivyokuwa akiridhika nilipopata alama nzuri shuleni.

La pili ni asubuhi uliyoondoka wewe. Alikupima, unakumbuka, nawe unalalamika kwamba gari litakuacha, ukaenda kumuaga Shangazi. Nikabaki nimeshika daftari. Baba akanyoosha mkono nimpe cha kuandikia. Juu ya meza kilichokuwa karibu kilikuwa kalamu, nikampa. Akaipapasa kutoka nyuma mpaka kwenye ncha. Nikajua anawaza lile la miaka kumi na moja.

Alinirudishia kalamu mkononi, akaufunga mkono wangu juu yake.

"Nipe penseli," akasema. "Huyu nitampima tena."

Dada yako,
Kamusi